Kusoma Gae

Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wazee, wakimsikitikia fundi ambaye vyungu vyake vizuri huishia kwa wengine. Wanaosomea shahada ya kwanza ya uhandisi wa kauri, yaani vitu vinavyozaliwa na madini na moto, nao hula gaeni, ila kwao gae ndiyo shibe yenyewe.

Nawazungumzia hasa wa Alfred, kijiji cha chuo kikuu katika jimbo la New York. Mwaka 1900 serikali ya jimbo ilifungua hapo shule ya ufinyanzi na kauri, ikamkabidhi Charles Fergus Binns, Mwingereza aliyetoka katika kiwanda cha kaure cha Royal Worcester kilichoongozwa na baba yake. Binns aliishika shule hiyo hadi 1931. Mpaka leo msanii wa vyungu na mhandisi husoma Alfred bega kwa bega, na naona hilo ni jambo la busara sana.

Kazi huanza na unga. Kaure ya kawaida ni takriban nusu kaolini, robo feldispa na robo kwatzi. Kaolini hufinyangika, feldispa huyeyuka ikawa gundi ya kioo, kwatzi hulishikilia umbo lisibonyee. Hayo hukaririwa kwa dakika moja. Tanuri halikaririwi. Kwenye nyuzi 573 za Selsiasi fuwele za kwatzi hubadilisha mpangilio wake ghafla, na wakati wa kupoa husinyaa kwa kishindo kisichosikika. Aliyeharakisha kupoza hufungua tanuri akakuta nyufa. Hapo kijana aliyezoea kubofya na kujibiwa hujifunza kuuachia usiku kazi yake.

Lakini ninachokistahi zaidi huja baada ya tanuri. Chuma kikielemewa hupinda, kikatoa onyo. Kauri haionyi. Mwanafunzi hutengeneza vijiti thelathini vya alumina kwa unga uleule na moto uleule, halafu huvivunja kimoja kimoja, na kila kimoja hukubali mzigo wake. Mwaka 1921 mhandisi A. A. Griffith alieleza chanzo: vitu vya namna hii huvunjwa na dosari ndogo zilizokwisha kuwamo, na dosari mbaya kuliko zote ndiyo huamua. Kwa hiyo wastani peke yake haumsaidii mhandisi. Lazima akijue kijiti kilicho dhaifu kuliko vyote, na ajue kwa nini.

Basi huokota vipande, akaviweka chini ya hadubini. Pale mvunjiko ulipoanzia pana eneo laini, linang'aa kama kioo cha kujitazamia. Kandokando yake pana ukungu mwembamba, kisha mikwaruzo iliyotawanyika kama miali ya jua. Ukiifuata miali kurudi nyuma, itakufikisha mlangoni. Hata ukubwa wa kile kioo una maneno: kadiri kilivyo kidogo, ndivyo kijiti kilivyostahimili mzigo mkubwa. Na katikati kabisa hukaa mkosaji, pengine bonge la unga ambalo halikusagika, pengine tundu lililoachwa na unywele ulioungua. Kosa lilitendeka siku nyingi kabla ya kijiti kukatika, wakati wa kuchanganya, mikono ilipokuwa na haraka. Sijui somo jingine linalomrudisha mtu kwenye kosa lake kwa uwazi kiasi hicho, bila kumkaripia. Elimu hii ina heshima yake Alfred: mwaka 1986 wasomaji wa mivunjiko walikutana huko kwa mkutano wao wenyewe.

Anayeianza kazi hii hukatazwa jambo moja ambalo mikono yote hulitamani: kuvirudisha vipande viwili pamoja kuona kama bado vinalingana. Vikisuguana, hata mara moja, kingo hubanduka na maandishi yote hufutika.