Hongera, Mafundi wa Msingi

Kiwanda kikizinduliwa, utepe hukatwa mbele ya mashine. Pongezi zangu ziwaendee waliofika hapo kwanza, uwanja ukiwa bado matope.

Chukua Athi River, Kaunti ya Machakos, mji wa viwanda vya saruji. Huko kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka. Kinu chenye uzito wa mamia ya tani hakiwezi kutulia juu ya ardhi ya namna hiyo. Basi mafundi huuondoa udongo huo mpaka wafikie tabaka gumu, kisha hujaza kifusi kidogokidogo, kila tabaka likishindiliwa na kupimwa kabla ya linalofuata.

Zinafuata nondo, na zege. Hapa ndipo ninapowastahi zaidi. Mara nyingi bolti za kushikilia mashine huzikwa ndani ya zege kabla mashine yenyewe haijashuka bandarini Mombasa, na kosa la milimita chache latosha kuizuia isikae. Zege nalo humwagiliwa maji siku baada ya siku, na kipimo cha nguvu yake hungojewa hadi siku ya 28. Kumwambia bosi anayehesabu hasara kwamba asubiri kunahitaji ujasiri, na mafundi hawa wanao.

Mashine ikishushwa, husawazishwa kwa vipande vyembamba vya chuma, halafu uwazi uliobaki chini yake hujazwa saruji maalumu isiyonywea. Mtetemo wote wa miaka ijayo utapitia hapo. Hongereni sana.