Ufundi Uliofichwa Ndani ya Tangi

Pikipiki ya zamani ikifikishwa gereji baada ya kuegeshwa miaka, kila mtu hukimbilia kabureta. Inafunguliwa, jeti zinapulizwa, injini inanguruma, fundi analipwa. Wiki haijaisha, imezima tena njiani na lawama zinairudia kabureta ileile. Naamini kwamba fundi wa pikipiki kuukuu apimwe kwa tangi la mafuta kabla ya kitu kingine chochote. Humo ndimo uchafu unamozaliwa, na humo hakuna mteja anayechungulia. Anayelisafisha vizuri anafanya kazi ambayo haitaonekana wala kusifiwa, na kwa sababu hiyo hasa namwona anastahili heshima kubwa kuliko anayeng'arisha bomba la moshi.

Chukua Honda CG125, iliyoingia sokoni mwaka 1976. Iliundwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo na matunzo ni haba: injini hupozwa kwa hewa, na vali husukumwa kwa fito badala ya kuendeshwa kwa cheni. Injini nyingi za Kichina zinazobeba abiria wa bodaboda leo zimetokana na mfano huo. Injini yake huvumilia mengi, lakini tangi ni la bati la chuma, na chuma na unyevu hawapatani. Tangi likiachwa nusu, hewa huingia kupitia tundu la kifuniko. Usiku ukipoa, unyevu wake hugeuka matone kwenye kuta zilizo wazi na kuteremka chini. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo maji huzama na kulala sakafuni, chini ya mafuta, yakikitafuna chuma. Petroli nayo ikikaa, sehemu yake nyepesi huruka, kikabaki kitu cha kahawia kinachonata kama utomvu. Kwenye koki, mrija mrefu huchukua mafuta ya kawaida na tundu la chini huchukua ya rizevu. Anayegeuza koki kwenda rizevu anayaita maji na kutu vilivyokuwa vimetulia sakafuni.

Kazi yenyewe inaanza kwa tahadhari, kwani tangi lililomwagwa ni hatari kuliko lililojaa. Mvuke wa petroli huwaka hata kwenye baridi kali, ni mzito kuliko hewa, na hutambaa chini hadi ulipo moto. Mafuta yamwagwe uwanjani, mbali na jiko, sigara na anayechomelea, yakingwe kwenye dumu lenye kifuniko, yasiachiwe mtaroni. Kisha sabuni na maji ya moto, kwa kuwa asidi haiifikii kutu iliyofunikwa na mafuta. Kokoto au kipande cha cheni hutiwa ndani na tangi likatikiswa mpaka kutu iliyolegea itoke. Hapo ndipo siki, au asidi ya sitriki iliyoyeyushwa katika maji, huachwa ifanye kazi usiku kucha. Hadi hapa fundi anahitaji subira tu. Asubuhi mambo yanageuka: asidi ikimwagwa, tangi likasuuzwa na maji yenye magadi soda kuiua asidi iliyobaki, chuma kinabaki uchi, na chuma kilicho uchi na chenye maji huanza kupata kutu mpya ndani ya dakika chache. Sasa lazima akimbie: alikaushe kwa hewa ya moto isiyo na mwali, kisha azungushe oili kidogo ishike kila pembe. Usiku mzima wa kungoja unaweza kupotea kwa mazungumzo marefu ya simu. Kujua lini uvute subira na lini uharakishe, ndio ufundi ninaousifu.

Watu watauliza: si ufunge chujio tu? Chujio hunasa chembe, lakini mengi ya bei nafuu huyapitisha maji, na likiziba injini hukosa mafuta. Wengine hupaka epoksi ndani. Juu ya chuma kisafi na kikavu, epoksi inafaa kweli. Juu ya kutu hubanduka na kuziba koki, na mficha maradhi kifo humuumbua. Hoja nzito zaidi ni ya kununua tangi jipya. Kwa bodaboda wa kila siku ambaye sakafu ya tangi lake imetoboka, nakubaliana nayo bila ubishi, kwani muda wake ni chakula cha nyumbani. Ila tangi la asili, lenye umbo na rangi lililotoka navyo kiwandani, halirudi dukani, na hilo jipya likiachwa nusu masika mazima litaoza vilevile.

Basi wewe mwenye pikipiki kuukuu, kabla ya kuichukua gereji, mwombe fundi afungue kifuniko umulike ndani kwa tochi, kamwe si kwa kiberiti. Ukiona chuma cha kijivu kisicho na unga mwekundu, mlipe na ule usiku wa kungoja. Na kabla hujaiegesha kwa miezi, jaza petroli mpya hadi shingoni.