Hongera UWABA, Njia Bado Ndefu

Alfajiri Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, ngalawa zikishatia nanga, mchuuzi hulikaza tenga la samaki kwenye keria ya baiskeli kwa mpira wa tairi kuukuu, akashika njia ya Muyuni kuelekea Kitogani. Gari la watalii wanaowahi pomboo likimpita karibu, upepo wake humsukumia kwenye changarawe na tenga huyumbisha usukani.

Watu kama huyo ndio wanaopiganiwa na UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa Dar es Salaam. Wakiwa na wanaharakati kama Mejah Mbuya, wameandaa misafara ya baiskeli mjini na kudai bila kuchoka njia salama na heshima ya kisheria kwa anayekanyaga pedeli. Wanastahili pongezi za dhati.

Zanzibar ina sheria yake ya usafiri barabarani, kwa hiyo hoja hizo hazina budi kuvuka bahari hadi Baraza la Wawakilishi. Ufaransa, kwa mfano, humtaka dereva anayempita mwenye baiskeli amwachie mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji. Kipimo hicho kingemfaa sana mchuuzi wetu.

Na Unguja si ngeni kwa suala la kupunguza mwendo wa magari. Kwenye Msitu wa Jozani, matuta yaliwekwa barabarani kwa sababu kima punju walikuwa wakigongwa, na vifo vyao vikapungua. Hatua inayofuata ni kikomo cha kilomita 30 kwa saa vijijini, mwendo uliotajwa na Azimio la Stockholm la 2020 kuhusu usalama barabarani kwa maeneo ambayo watu na magari huchanganyika.