Wapo Mbele: Uhakiki wa Onyo la Taa

Matini yenyewe ni hii. Mchana kweupe, lori linalotoka upande wa Nanganga linawasha taa kubwa mara mbili, linapita. Basi. Kijana wa pikipiki anayeelekea huko lilikotoka anaachia mafuta, mshale wa mwendo unashuka chini ya 50, na baada ya kona anamkuta trafiki na sare yake nyeupe, tochi ya kupimia mwendo mkononi, hana la kumwandikia. Utungo mzima haukumaliza sekunde mbili. Nauita utungo kwa makusudi: una fanani na hadhira, una mahali pake pa kutendwa, una urefu unaokubalika na urefu usiokubalika, na anayekiuka kanuni zake haeleweki. Tumezoea kuhakiki maandishi ya kanga na yale ya nyuma ya daladala, ambayo angalau hukaa mahali mtu akayanukuu. Huu haunukuliki. Ukishatolewa umekwisha, na aliyeutoa yuko nyuma yako, kila mmoja na safari yake.

Nianze na mandhari, maana utanzu huu ni mtoto wa lami. Kijana wa Naipingo, wilayani Nachingwea, anayetoka mashambani na gunia la ufuta nyuma yake hahitaji mtu wa kumwonya kuhusu mwendo. Mchanga unamwonya, makorongo yanamwonya, na gari likija mbele yake huja na vumbi linalomeza taa zake zote. Kwenye njia ya namna hiyo onyo la taa halina pa kusimama. Lami ilipoanza kuingia barabara ya Nanganga hadi Ruangwa, vitu vinne viliongozana: mwendo, vibao vya 50, tochi, na taa za kuonyana. Msimu nao una mkono wake. Ufuta na korosho zikianza kusombwa, malori huongezeka, na kwa kuwa malori ndiyo mafanani wakuu wa utanzu huu, maonyo huongezeka vilevile. Miezi mikavu ya biashara unaweza kwenda mwendo mrefu usikutane na chombo, na bila chombo hakuna matini.

Nachingwea iliwahi kuwa na lugha nyingine ya taa. Reli kutoka Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya ule mpango wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili na kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliendeshwa kama reli zote kwa bendera na taa za rangi: nyekundu simama, kijani nenda. Ile ilikuwa lugha ya ofisi, imeandikwa kitabuni, na kila ishara ilikuwa na maana moja tu. Ya barabarani leo haina kitabu wala mwalimu, na taa zilezile mbili zinaweza kumaanisha ng'ombe wamelala njiani, ajali, au hujambo ndugu yangu. Ndiyo maana naisoma kwa upande wa fani kwanza. Pasipo kamusi, umbo ndilo linalobeba maana.

Na umbo hili lilizaliwa kujibu umbo jingine. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kilomita 50 kwa saa kuwa kikomo katika maeneo ya makazi. Faini ya papo kwa papo ilikuwa shilingi 30,000 kwa kosa moja. Bajeti ya mwaka 2021/22 iliishusha hadi 10,000 kwa pikipiki na bajaji, fedha ambayo bado ni sehemu kubwa ya hesabu ya bosi kwa kijana asiyemiliki pikipiki anayoiendesha. Zamani askari ilibidi aone kwa macho, na sare nyeupe ilionekana mbali kabla yeye hajakuona vizuri. Tochi iligeuza mambo. Inakusoma ukiwa mita mia kadhaa, ukingali unaona kidoa cheupe chini ya mwembe na kudhani ni mtu anauza maji. Taa za lori zinarudisha mizani pale ilipokuwa.

Wapo wanaouliza kwa nini mtu asinunue kifaa cha kunasa rada, akakifunga kwenye usukani, akaachana na hisani ya madereva wa malori. Swali ni la haki, na kifaa hicho nacho kina fani yake inayostahili kusomwa. Ni redio pokezi iliyotegwa kwenye masafa ambayo tochi za rada hutumia, karibu na gigahezi 10.5, karibu na 24, na kati ya 33 na 36. Rada hurusha wimbi, wimbi linagonga chombo na kurudi likiwa na masafa yaliyobadilika kwa kadiri ya mwendo. Kwa sababu wimbi hilo husambaa na kuvuka mbali zaidi ya chombo linachokipima, kifaa hulisikia mapema, kabla mwangwi haujawa na nguvu ya kumtosha askari. Hapo ndipo Fuzzbuster ilipopata soko Marekani miaka ya 1970, hasa baada ya serikali yao kuweka kikomo cha maili 55 kwa saa mwaka 1974. Matini yake ni mlio: mmoja mmoja kwa kutulia, kisha inakimbizana kadiri wimbi linavyokaza. Ni taharuki inayopanda, na mtungaji wa hadithi za upelelezi angeifurahia.

Mbele ya tochi ya leza, taharuki hiyo inakosa muda wa kupanda. Leza haisambai. Hurusha vipigo vifupi vya mwanga usioonekana na kupima muda wavyo wa kwenda na kurudi, na kwenye mita 300 mwale wake una upana wa kama mita moja tu, yaani unamtosha mwenye pikipiki mmoja na kuwaacha wenzake. Kusoma mwendo hakumalizi sekunde. Hata kifaa chenye kihisio cha leza kinapoanza kulia, namba yako imeshaingia kwenye kioo cha askari; ni sawa na jirani anayefika siku ya arobaini kuulizia hali ya mgonjwa.

Kwenye pikipiki shida huzidi. Kifaa kilibuniwa kwa ajili ya gari lenye kioo na utulivu ndani. Mwenye Boxer au TVS ana upepo masikioni, kofia ngumu kichwani, na injini inayotikisa kila kilichofungwa kwenye usukani. Mlio hatausikia. Akitaka kukitumia sawasawa atafute chenye taa kali iliyo usawa wa macho, au kinachopeleka sauti kwenye spika ndani ya kofia. Kisiwe kinaingiza maji. Waya wake utoke kwenye betri ya volti 12 kupitia fyuzi. Kikae juu ya mpira wa kupunguza mtikisiko, uso wake ukitazama barabara bila kuzibwa na mzigo. Akishafanya yote hayo atabaki na tatizo ambalo fundi hawezi kulitibu: kila akitazama taa ya kifaa, hatazami barabara. Na kwa Nachingwea na Ruangwa kifaa hicho kitanyamaza karibu siku nzima. Miji mikubwa inakisumbua kwa milango ya maduka inayojifungua yenyewe na vihisio vya magari mapya. Huku vitu hivyo ni vichache. Ukimya wake utamaanisha hakuna tochi, au tochi imezimwa ikisubiri, au tochi ni ya leza, au waya umechomoka. Mimi nisingekinunua. Hela hiyo ingetosha matairi na kofia ya abiria, na mabaki ya kula chipsi mayai.

Turudi kwenye taa mbili. Kwa nini mbili? Moja inaweza kuwa tundu la lami lililorusha taa juu, yaani bahati mbaya. Taa ndefu isiyokatika inasema nipishe, au usiku, zima taa zako kubwa. Nyingi za harakaharaka zinasema kuna hatari, simama. Mbili ndiyo idadi ndogo kuliko zote inayothibitisha kwamba kuna mtu aliyekusudia kusema. Tena zina wakati wake. Fanani mzuri huzitoa akishaivuka kona, askari asimwone, na wakati huohuo mpokeaji awe bado ana nafasi ya kupunguza mwendo bila kukanyaga breki ghafla, kwa sababu breki ya ghafla mbele ya tochi ni kukiri kosa. Nimeona madereva wa mabasi wakizitoa mapema mno, karibu na gereji wanakoagana na watu. Hiyo ni kazi ya mwanafunzi.

Tulikuwa na mbiu ya mgambo, ambayo ikilia ina jambo. Lakini mbiu iliita kijiji kizima, kisha akasimama mtu kulieleza jambo lenyewe. Taa haziiti kijiji. Zinamtazama mmoja, na maelezo hayafuati kamwe: askari wangapi, upande gani, umbali gani. Upungufu huo ndio ustadi wake wote. Linganisha na namna ya mdomo, inayosikika kijiweni pikipiki mbili zikipishana polepole:

"Kaka, wapo?"

"Wapo, pale darajani."

Hapa kila kitu kipo, na taharuki imekufa. Msikilizaji anajua amebakiza kilomita nne za kukimbia atakavyo na mita mia moja za adabu kabla ya daraja. Jumbe za sauti za WhatsApp ni mbaya zaidi kwa kipimo hicho, maana hutaja hadi mti. Lakini aliyepigiwa taa hajui daraja wala mti. Anakwenda polepole kona hii, anashuku na inayofuata, anapita mbele ya shule kwa mwendo ambao walimu wamekuwa wakiuomba kwa vibao, na wakati mwingine anafika mjini bila kumwona trafiki yeyote kwa sababu walishaondoka kula. Utungo unaosema kidogo zaidi unamtuliza mtu kwa muda mrefu zaidi. Simdhanii dereva wa lori kuwa alikusudia hivyo. Alitaka tu kumwokolea mwenzake elfu kumi. Fani imefanya kazi ambayo maudhui hayakuiagiza.

Swali la maudhui limewahi kufika mahakamani, ingawa mbali na huku. Februari 2014, Jaji Henry Autrey wa mahakama ya shirikisho huko Missouri, Marekani, aliuzuia mji wa Ellisville kuwakamata madereva wanaowawashia wenzao taa. Alizihesabu taa hizo kuwa usemi unaolindwa na katiba, na hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba onyo linamrudisha dereva kwenye mwendo wa kisheria. Ni usomaji mzuri, na unafaa hata kwa Ruangwa. Ninachomlaumu jaji kama mhakiki ni kwamba alisoma mwanzo wa matini akaacha mwisho wake. Kibao cha 50 kina mwenzake kinachofunga, chenye mistari ya kukatisha. Taa mbili hazina kifungio. Hakuna lori linalowasha kusema sasa yamekwisha. Mpokeaji hujifungia mwenyewe: anampita trafiki, anaangalia kioo, na injini inapanda sauti. Ukitaka kujua alivyoielewa matini, isikilize injini hiyo. Aliisoma kama habari ya askari. Watoto wanaovuka hawamo.

Mwenye bodaboda ana namna yake ya kuusambaza ujumbe, kwa sababu taa yake ya mbele huenda iliungua tangu masika. Ulaya na Marekani waendesha pikipiki hugonga juu ya kofia zao kuashiria polisi. Huku mkono unanyooshwa kando, kiganja kikitazama chini, kinabonyeza hewa mara mbili, na hesabu ya mbili imehama kutoka kwenye taa pasipo mtu kuiagiza. Lakini hadhira ikibadilika, maana nayo hubadilika. Kwa mwenye lori ishara inasema mwendo. Kwa kijana wa kijiweni mwendo ni jambo la tatu au la nne. Anachokiogopa ni leseni, bima, kofia iliyoning'inia kwenye kiwiko badala ya kukaa kichwani, na zaidi ya vyote mshikaki, yaani abiria wawili nyuma yake. Nimeona kiganja kikibonyeza hewa na pikipiki iliyopokea ikasimama pembeni kwa utulivu wa watu waliozoea. Kofia ikapanda kichwani. Abiria wa nyuma kabisa akashuka na kikapu chake, akaanza kutembea kwa miguu, pikipiki ikamtangulia kwa mwendo wa heshima. Abiria huyo alipomfikia askari alimwamkia, "Shikamoo afande," akaitikiwa, akaulizwa habari za nyumbani, akapita. Baada ya kona pikipiki ilikuwa inamsubiri, injini haijazimwa, na dereva tayari amekwisha kuivua kofia.