Mkalimani Anayesubiri Macho

Mwalimu wa Baiolojia akigeukia ubao na kuendelea kueleza huku anachora, wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza hawapotezi kitu. Masikio yanabaki kwake, macho yanahamia kwenye daftari. Mwanafunzi kiziwi hana bahati hiyo. Akiinama kunakili mchoro, maelezo yanampita. Akifuatilia maelezo, mchoro unafutwa hajaumaliza. Kati ya mambo hayo mawili amesimama mkalimani wa lugha ya alama, na kabla hajainua mkono kazi yake ni kusubiri.

Anayetaka kuujua ufundi huu asianze na mikono, aanze na macho ya mkalimani, maana hayambanduki mtoto. Mwalimu ameshamaliza sentensi mbili, ya tatu inaanza, na kijana bado anachora mishipa ya jani. Mkalimani anazishika zote kichwani. Kichwa cha kijana kinapoinuka tu, zinatoka, tena si kwa mfuatano ule zilivyosemwa bali kwa mpangilio ambao jicho linauelewa: kwanza jua liko wapi, kisha jani liko wapi, kisha nini kinatoka huku kwenda kule. Na wakati huohuo sikio lake liko kwenye sentensi ya nne. Nimewahi kuona watu wakisifu kasi ya mikono ya wakalimani. Mimi ninachokistaajabia zaidi ni hiki cha kushikilia.

Darasa hili liko Singida, mkoa wa alizeti, kwa hiyo hata somo la usanisinuru lina mfano wake nje ya dirisha. Mkono mmoja unasimama kama shina, kiganja cha mwingine kinakuwa jani. Mahali palipowekwa jua hewani panabaki kuwa jua mpaka kipindi kiishe: akipaelekezea tena baada ya robo saa, mtoto anajua kinachozungumzwa bila kutajiwa. Nyusi zikipanda, ni swali. Kichwa kikitikiswa, sentensi nzima imekanushwa. Mgeni hudhani uso ule ni wa hisia tu, kumbe ndiyo sarufi yenyewe. Ndiyo maana mkalimani makini hasimami mbele ya dirisha, kwa sababu mwanga ukimpiga mgongoni uso unakuwa kivuli na nusu ya lugha inapotea. Ndiyo maana pia huvaa nguo ya rangi moja inayoachana na rangi ya mikono yake.

Halafu kuna suala la lugha zenyewe. Nyumbani, huko Ikungi au Mkalama, watu wanaongea Kinyaturu au Kinyiramba, na mtoto aliyezaliwa kiziwi kwa wazazi wanaosikia amekua na ishara chache za pale nyumbani, zinazoeleweka na mama yake na wadogo zake, basi. Shule ya msingi ndiyo inayompa Lugha ya Alama ya Tanzania na Kiswahili cha kusoma na kuandika. Akifika sekondari, masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza. Neno la Kiingereza la usanisinuru lina herufi 14, na mtihani utamdai aliandike vilevile lilivyo. Kwa hiyo mkalimani analiandika hewani kwa alfabeti ya vidole, herufi kwa herufi, anaeleza maana yake kwa alama, kisha analirudia kwa vidole ili mkono na maana vifungamane. Neno hilohilo mwalimu amelisema kwa pumzi moja.

Na alama zenyewe hazikuanza zikiwa moja. Reli ya kati inapita Manyoni na Itigi, mkoani humu, kuelekea Tabora, mji ambao mwaka 1963 ulipata shule ya kwanza ya viziwi nchini. Buguruni, Dar es Salaam, ilifuata mwaka 1974, na nyingine baadaye, kila shule ikikuza alama zake miongoni mwa wanafunzi, hata pale ambapo walimu walitaka watoto wasome midomo. Mwaka 1984 Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilipendekeza lugha moja sanifu. Miaka 20 baadaye, mwaka 2004, Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa kamusi ya lugha hiyo. Hata hivyo kamusi haiwezi kumwandaa mkalimani kwa kila mtoto atakayekaa mbele yake. Wawili waliotoka shule mbalimbali wanaweza kuwa na alama mbili za kitu kimoja, naye hana budi kuzijua zote mbili na kutomdharau yeyote.

Kuna sehemu nyingine ya kazi hii ambayo darasa linaisikia bila kuitambua. Kiziwi akijibu kwa mikono, mkalimani humpa sauti. Husema "mimi nadhani", si "yeye anadhani". Na jibu likiwa la makosa, hulitoa na makosa yake. Hapa naomba msomaji atue kidogo. Mara nyingi mkalimani wa shule ni mwalimu wa elimu maalumu, jibu sahihi analo, mtoto anampenda na angetamani afaulu. Lakini akilirekebisha njiani, mwalimu wa somo hatajua mwanafunzi amekwama wapi, na mwanafunzi atakuwa amenyang'anywa haki ya kukosea mbele ya wenzake kama wengine wote. Kumwachia mtu kosa lake kunahitaji nidhamu kubwa.

Sasa mtu huyu tumemwacha peke yake. Kwenye mikutano mikubwa wakalimani hukaa wawili, wakipokezana kila baada ya dakika 20 hivi, kwa sababu akili ikichoka mikono huanza kudondosha maana kabla mwenyewe hajagundua. Shuleni kipindi ni dakika 40, kikiisha kinakuja kingine, na mikono ni ileile. Mchana anaombwa ajazie kipindi cha mwalimu mwingine, jioni mzazi anampigia simu akitaka amweleze mwanawe jambo.

Kwenye karatasi hajasahauliwa: Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 9 kinawataja wakalimani wa lugha ya alama wenye taaluma. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010. Mwaka huohuo Kenya iliiweka lugha ya alama katika Katiba kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, na nchini Uganda wakalimani wanasomea kazi hii Chuo Kikuu cha Kyambogo. Hapa kwetu kipo TASLI, chama cha wakalimani wa lugha ya alama. Nakitaja kwa heshima, kwa sababu fundi asiye na wenzake hana wa kumwambia kwamba jana alikosea.

Singida ni pana. Kutoka Itigi hadi Mkalama ni safari. Wakalimani wa mkoa wakikutanishwa mjini Jumamosi moja kila muhula, kwa nauli ya halmashauri, yako mengi ya kufanya siku hiyohiyo. Waje na mada za wiki zijazo na maandalio ya masomo ambayo walimu wamewapa mapema. Watu wazima viziwi wakae mbele, maana lugha ni yao, nao ndio waamue alama ipi itumike kwa osmosisi na ipi kwa kipeo cha pili. Wakalimani wazijaribu mbele yao, wakosolewe, warudie. Kisha waandike barua moja kwa maofisa elimu, yenye sahihi zao wote, wakiomba kila shule yenye wanafunzi viziwi ipate wakalimani wawili.