Mpira Badala ya Koleo: Kubadilisha Mchanga wa Tangi la Bahari

Tangi la samaki wa baharini likishakaa miaka kadhaa, mchanga wake huwa umemeza mengi: chakula kilichobaki, kinyesi, mwani uliokufa. Likitazamwa ubavuni, tabaka la juu huonekana jeupe, la chini la kijivu, pengine lenye mabaka meusi. Mabaka hayo ndiyo ya kuogopwa. Oksijeni haifiki hapo, na bakteria wanaoishi bila hewa hutoa hidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Samaki hufa kwa kiasi kidogo tu cha sumu hiyo.

Kazi ninayoichambua ilifanyika Mombasa, kwenye tangi la lita 330 hivi, urefu mita 1.2 na upana nusu mita. Changarawe ya matumbawe, kina cha sentimita 4, iliondolewa ili uwekwe mchanga laini wa aragonaiti, aina ya madini ya chokaa. Hiyo ni changarawe ya lita 24, zaidi ya kilo 30. Mwenye tangi alishauriwa awatoe samaki, achote yote kwa koleo na amalize siku hiyohiyo. Alikataa, na nadhani alifanya vema sana.

Wengi huhofia kupoteza bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Lakini bakteria hao hushika kila penye nafasi, na kwenye tangi lenye mawe hai (mawe ya baharini yenye viumbe hai) ya kutosha wengi wao wamo ndani ya mawe, siyo kwenye changarawe. Hatari kubwa zaidi ni uchafu unaofumuliwa, kwa kuwa hutoa amonia. Maji ya bahari yana pH ya karibu 8.2, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika umbo linalounguza mashavu ya samaki. Koleo hutibua uchafu wote kwa pamoja. Mpira wa maji huufyonza na kuutoa nje kabla haujasambaa.

Kwa hiyo mwenye tangi alizima pampu za mzunguko, akaingiza mpira mpana kidogo (mwembamba huziba kwa changarawe) na kufyonza kutoka kona moja hadi ndoo zilipojaa maji aliyokusudia kubadilisha, kama robo ya tangi. Hapo akaacha, hata kama changarawe ilibaki. Hili ndilo lililonivutia zaidi: kiasi cha maji ndicho kilichoamua ukubwa wa eneo la kufyonzwa kwa mara moja. Maji mapya yalikuwa tayari, chumvi na joto vikilingana na ya tangini.

Mchanga mpya ulioshwa hadi maji yakatoka safi, kisha ukateremshwa kupitia bomba la plastiki lililogusa sakafu ya kioo. Hata hivyo tangi lilifuka ukungu mweupe siku ile. Ukungu wa aragonaiti si sumu, kichujio huumaliza.

Kati ya kipande kimoja cha sakafu na kingine alisubiri wiki mbili, akipunguza chakula na kupima amonia. Ilipoonekana hata kidogo, hakugusa kipande kilichofuata. Changarawe iliyo chini kabisa ya mawe aliiacha. Mawe yake yalikuwa yameegemea changarawe badala ya kioo, na kuifyonza hapo kungeyaporomosha juu ya samaki wanaojifukia usiku.