Ufundi wa Kiungo: Sekilojo Chambua na Soka ya Tukuyu

Kiungo mchezeshaji, yaani mchezaji wa katikati ya uwanja anayeupokea mpira kutoka kwa mabeki na kuwatengenezea washambuliaji nafasi, hufanya kazi ambayo zamani haikuandikwa, kwa kuwa kilichohifadhiwa katika kumbukumbu za ligi kilikuwa jina la mfungaji na dakika ya bao, ilhali pasi iliyolizaa ilipotea kipenga cha mwisho kilipolia. Kwa sababu hiyo, Sekilojo Chambua anastahili kurasa nyingi kuliko alizopewa.

Chambua alitokea Tukuyu Stars, timu ya Wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, iliyopanda daraja na kutwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka huohuo wa 1986. Tukuyu iko chini ya Mlima Rungwe, mahali penye mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi, na ni vigumu kuutazama ufundi wa viungo wa huko bila kuikumbuka mvua hiyo. Nyasi zilizoloa huuharakisha mpira na tope huukwamisha, hivyo mchezaji hulazimika kuutuliza kwa mguso mmoja mwepesi, awe amekwisha kutazama alipo mwenzake kabla haujamfikia, na kuuachia mapema, kwani atakayeng'ang'ania chenga atabaki ameteleza huku adui akiondoka nao.

Utulivu wa namna hiyo Chambua aliupeleka Yanga, klabu ya Dar es Salaam, akawa nahodha na mhimili wa dimba la kati katika miaka ya 1990. Mwaka 1993 klabu hiyo iliifunga SC Villa ya Uganda mabao 2–1 jijini Kampala na kutwaa Kombe la Afrika Mashariki na Kati; hadi leo mashabiki huwataja wafungaji, Said Mwamba Kizota na Edibily Lunyamila, kwa pumzi moja, na mara chache sana huulizwa mabao hayo yalianzia miguuni mwa nani.

Nyanda za Juu Kusini, ukanda ilipo Tukuyu, bado zina soka, lakini subira ya kuwalea viungo imepungua, na kijana anayeonyesha kipaji katika Uwanja wa Sokoine jijini Mbeya au Samora mjini Iringa huchukuliwa na klabu za Dar es Salaam kabla hajakomaa. Timu zenyewe nazo huyumba: Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, ikafungwa na Azam bao 1–0, na mwaka uliofuata ikashuka daraja.